Mwaka Niliomrudisha Nyanya

Rukia aliponipigia simu kuniambia kwamba baba yake ameanguka msalani na upande wake wa kulia umekufa ganzi, nilimwambia pole, nikakata simu, nikajipikia chai ya tangawizi na kuinywa polepole huku nikitabasamu. Sitajitakasa. Ami Idi ni ndugu wa marehemu baba yangu, na nilikuwa nimemwekea kinyongo kwa zaidi ya miaka ishirini, kinyongo nilichokilea vizuri kuliko watu wengine wanavyolea watoto wao. Nilihamia Maua kwa sababu yake. Nilifungua hoteli yangu ya chakula huko, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kutia tonge mdomoni nyumbani kwake Majengo, mjini Meru. Harusi za wanawe nilihudhuria nikiwa nimeshiba. Sasa Rukia alikuwa ananieleza kwamba yeye na kaka yake Jamal hawaelewani. Jamal anataka mzee abaki chumbani mwake na atafutiwe mtu wa kumwangalia, na Rukia anataka apelekwe Embu kwenye nyumba ya wazee, maana mtu wa kumwangalia atachoka baada ya mwezi na mzigo utamrudia yeye. "Dada Zena, wewe ndio mkubwa wetu," aliniambia. "Na ni wewe uliuguza Nyanya. Kuja utuamulie. Tumekubaliana, chenye utasema ndio tutafanya." Nilimwambia nitafika Ijumaa. Nilitaka kumwona siku ileile aliyozoea kusimama mlangoni pa bucha lake ndani ya kanzu nyeupe, akisalimiwa na mtaa mzima.

Mwaka uliozaa kinyongo hicho nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ushonaji, sina cherehani wala kazi, na nilikuwa nalala chumba kimoja na Nyanya, mama yake Ami, nyuma ya bucha. Chumba kile naweza kukitembea hadi leo nikiwa nimefumba macho. Kitanda chake cha chuma kilikuwa upande wa dirisha, godoro langu chini, sanduku la bati lilikuwa na nguo zake, na tasbihi ilining'inia kwenye msumari juu ya mto. Mlango ulifunguka uani, penye kuku na jiko la makaa, na harufu ya mafuta ya ng'ombe haikutoka hata tukisugua kwa sabuni. Asubuhi tuliamshwa na shoka la Ami likigonga gogo la kukatia nyama. Nyanya alikoroga uji wa wimbi mzito, akanipa kikombe cha kwanza mimi, halafu akatoka na kikombe chake kwenda kuwapa kuku mtama. Mtaani aliitwa Bi Halima. Alizaliwa Mbeere, akaolewa na babu yangu muuza nyama, akasilimu, akapewa jina hilo, akahamia Majengo na kikapu kimoja. Kiswahili alijifunza pale uani kwa wanawake wenzake wa mtaa, Kimeru akakiokota sokoni, na lugha zote mbili alizizungumza akichagua maneno, kama mtu anayevuka matope na viatu vipya. Lugha yake mwenyewe niliisikia akizungumza na kuku tu. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kuku hawanicheki."

Mwaka huo miguu yake ilianza kuvimba. Alianguka mara mbili uani, na siku moja alisahau sufuria ya maziwa jikoni mpaka moshi ukaingia buchani na wateja wakatoka nje. Siku chache baadaye nilikuwa nimeketi chumbani nakula ugali na matumbo, na kwa kuwa ukuta uliotutenga na sebule ya Ami ulikuwa wa mbao, nilimsikia mkewe, Mama Rukia, akisema, "Huyu mama atatuchomea nyumba." Ami akajibu kwamba ameshapata mahali. "Ni home mzuri. Iko Embu, pale Majimbo. Mwenye nyumba alikuwa nasi wa hospitali." Mama Rukia akauliza watu watasema nini. "Waseme." Akauliza, na Zena? Ami akashusha sauti. "Zena asiambiwe." Nilisukuma sahani, na tangu hapo nikawa natazama kila alichofanya Ami: alivyomnunulia mama yake ndara mpya, alivyomletea leso mbili, alivyokuwa mpole ghafla. Nilijiambia huo ni upole wa mtu anayemnenepesha ng'ombe.

Siku yenyewe alikuja mlangoni saa tatu asubuhi, pikapu ikiwa imeegeshwa nje. "Mama, ni leo. Tunaenda home." Nyanya alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama mwaka huo wote. "Home," alirudia, kwa Kiingereza chake cha neno moja, akacheka. Alikuwa ameshafunga leso na mkoba wake uko begani. Mimi nilikuwa pale mlangoni na ndoo ya maji mkononi, na moyo ulinichanika kwa sababu nilielewa, au niliamini nimeelewa. Mwanamke huyu anadhani anarudishwa Mbeere kwao. Mwanawe anamdanganya kwa neno moja la Kizungu, neno ambalo sisi watu wa mjini tunajua lina maana mbili, nyumbani na nyumba ya wazee, na yeye anajua moja tu. Alinishika shavu, akaniambia niwape kuku maji. Sikusema kitu. Nilikuwa tayari napanga nitakavyomwonyesha Ami.

Na nilimwonyesha. Kila asubuhi nilikwenda kusimama kwenye foleni ya bucha lake kama mteja, na kila mwanamke aliyeniuliza hali ya Nyanya nilimjibu kwa sauti ya kufika ndani. "Nyanya yuko home, Mama Asha. Si home kwake. Home ya wale hawana watu." Nilisema hivyo kwa upole, kichwa kimeinama, na huku nyuma nasikia shoka likikosa mahali pake. Nilimsimulia kila mtu habari ya lile neno: alivyocheka, alivyofunga leso. Nilipoona wanawake wawili wakihamia bucha la jirani, nililala usingizi mtamu. Mama Rukia alinifuata uani akaniambia, "Zena, hiyo mdomo yako itakuja kukula." Nikamwambia mdomo wangu angalau haujamdanganya mtu mzee. Ami mwenyewe hakunigombeza hata siku moja. Alinipimia nyama kama wengine, akanifungia kwenye gazeti, akasema asante. Utulivu wake ulinichoma zaidi, nikautafsiri kuwa ni dhamiri inayomsuta.

Baada ya miezi miwili nilikwenda Majimbo. Nilitarajia mahali pa kutisha na nilijiandaa kupachukia, kwa hiyo nikapachukia. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye baraza pana, wanawake wazee wanane na mwenye nyumba, nasi mstaafu aitwaye Bi Marigu, mama mnene mwenye sweta la bluu. "Karibu mucii," alinisalimia. Mucii ni nyumbani, kwa Kiembu na kwa Kimeru pia, na wote mle ndani waliita mahali pale hivyo. Nilicheka moyoni kwa dharau. Kisha akageukia baraza akaita, "Igoki, mgeni wako amefika," nami nikatazama huku na huku kumtafuta huyo Igoki. Nyanya yangu akainua kichwa.

Alikuwa ameketi mkekani na mzee mwenzake aitwaye Rwamba, wanachagua mawe kwenye ungo wa ndengu. Bi Marigu akanieleza kwamba hiyo ndiyo kazi yao ya saa nne, wakishakunywa chai, na kwamba nyama ya Igoki hununuliwa kwa Waislamu kule sokoni na sufuria yake iko kando. Nilipopelekwa chumbani kwake niliuona msala wake umetandikwa vizuri. Mimi nilichagua kuutazama msalaba uliokuwa sebuleni. Tulipakuliwa ndengu na chapati, na wakati wa kula Nyanya akaanza kusimulia kisa kwa lugha yake, kisa kirefu, akitumia mikono, na wale wanawake wakacheka mpaka Rwamba akajishika mbavu. Miaka yote niliyolala chumba kimoja naye sikuwahi kumsikia akisimulia kitu kirefu hivyo. Nilikereka. Nilimwinamia nikamuuliza, "Nyanya, wanakutunza kweli?" Akasema, "Niko sawa. Kula." Nikajiambia anaogopa kusema mbele yao. Nilirudi Meru nikiwa na silaha niliyokuwa naitafuta.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Ami baada ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa nimekiomba mwenyewe kwa Mzee Shabani, ambaye hakuna jambo la mtaa lililopita bila yeye, na alikuja na wazee wenzake wawili. Mama Rukia aliandaa kahawa na kaimati kana kwamba ni posa. Wazee walianza taratibu, wakataja uchungu wa mama, wakataja radhi, na Mzee Shabani akasema kwamba hata hivyo siku hizi mambo yamebadilika na pengine kukaa na nasi ni jambo jema kwa mgonjwa. Nikaona wanalegea. Ndipo nikasema, "Wazee wangu, kule wamemvua jina la Halima. Wanamwita Igoki." Mzee Shabani aliweka kikombe chini. "Idi, hii maneno ni kweli?" Ami hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Ni kweli, mzee." "Na ulikuwa unajua?" "Nilikuwa najua." "Basi kesho kamrudishe mama yako." Midomo ya Ami ilifunguka mara moja, ikafungika. "Nimesikia," akasema. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi nilihesabu huo kuwa ushindi kamili. Siku ile nilikula kaimati sita.

Nyanya akarudi. Alishuka kwenye pikapu bila kucheka, akatazama uani, akaniuliza kuku wako wapi. Niliwauza, nikamwambia, walikuwa wanachafua. Kwa miezi mitano nilimtunza kwa mikono yangu, na sikutaka msaada wa mtu. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimpaka mafuta miguuni, nilimtoa kuota jua mahali ambapo kila anayeingia buchani lazima amwone, na nilikuwa na hakika kwamba kila kijiko cha uji ninachompa ni kofi kwa Ami. Alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kufungua bucha, anasimama mlangoni, anamsalimia mama yake, anaondoka. Nilikuwa simpishi. Na kila siku, jua likishafika dirishani kwenye saa nne, Nyanya alifunga leso, akachukua mkoba wake, akaketi ukingoni mwa kitanda akaniambia kwa lugha yake, "Zena, njokia mucii." Nirudishe nyumbani. Maneno hayo nilikuwa nayaelewa, hayako mbali na Kimeru cha mtaani. Nilimvua mkoba polepole nikamjibu, "Uko mucii, Nyanya. Hapa ndio mucii yako." Alitazama sanduku, alitazama godoro langu, kisha akalala akiwa ameelekea ukutani. Majirani waliniambia wazee wote huwa hivyo, akili hurudi utotoni na mtu huomba nyumbani akiwa nyumbani. Nilifurahi kupata maelezo.

Halafu Kiswahili kikaanza kumtoka. Kwanza majina ya vitu, kisha salamu, kisha jina langu. Akabaki na lugha yake peke yake, na humo ndani hakukuwa na hata kuku wa kumsikiliza. Aliongea kwa masaa, taratibu, akisubiri jibu pale ambapo mtu husubiri jibu, nami nilimjibu ndiyo, ndiyo, Nyanya, bila kujua ninakubali nini. Alifariki asubuhi moja ya kawaida nikiwa na kijiko mkononi, uji haujapoa. Kwenye maziko Ami alininyooshea mkono wa kulia. Niliuficha wangu ndani ya buibui mbele ya watu wote, na wiki hiyohiyo nikahamia Maua. Niliondoka nikiamini kwamba miezi miwili ile ya Majimbo ndiyo iliyomvunja, na kwamba mimi nilimrudisha nikiwa nimechelewa.

Ijumaa niliyowaahidi niliingia Majengo na hijabu yangu nzuri kuliko zote. Bucha sasa lina vioo na friji, Jamal ndiye mwenye shoka, na Mama Rukia alishatangulia mbele ya haki. Ami walikuwa wamemketisha sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilimtazama vizuri. Nilikuwa nimeusubiri mtazamo huo kwa muda mrefu na nilijipa wakati wa kuushiba. Rukia alileta pilau, nikasema nimekula. Jamal akasema, "Mimi siwezi kutoa baba yangu kwa hii nyumba, Dada. Watu watanionaje?" Rukia akamwambia watu hao hawatakuja kumgeuza kitandani. Wakageuka wote wawili wakanitazama. Ningeweza kueleza sababu nzuri, maana zilikuwepo: msala unaweza kutandikwa popote, nasi anajua asichokijua Jamal, na chumba kile cha nyuma kina unyevu. Sikueleza hata moja. Nilimtazama Ami machoni nikasema, "Mpelekeni home."

Ami alitikisa kichwa, akakubali. Nilikuwa nimeanza kuchukua mkoba wangu aliposema, "Zena." Neno lilimtoka kwa shida na mate kidogo, Rukia akampangusa. "Mimi nilimuuliza." Nikamuuliza, ulimuuliza nani. "Mama. Nilimuuliza. Wewe ulimuuliza?"

Yaliyofuata alichukua muda mrefu kuyasema, kipande kwa kipande, na mara nyingine Rukia ilibidi atusaidie kusikia. Rwamba alikuwa rafiki wa Nyanya tangu usichana wao Mbeere. Nyanya alipata habari kwamba yuko Majimbo, akamwita Ami kando akamwambia anataka kwenda kumalizia siku zake na mtu anayesikilizana naye. Lile neno home alilijua vizuri, ni yeye aliyemfundisha Ami alitumie. Na alimwapisha. "Alisema, Majengo wakijua ni mimi nimetaka, watasema Halima amerudi kwao, ameacha dini. Sema ni wewe umenitoa." Ami akapumua. "Nikasema ni mimi." Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini mimi sikuambiwa. "Alikataa. Alisema uko na mdomo." Na siku ya kikao je, si ungesema siku ya kikao? Alinitazama kama alivyonitazama siku ile. "Niseme mbele ya Shabani? Eti jina la Igoki amelirudia mwenyewe?"

Rukia alikuwa analia. Jamal alitazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeketi na mkoba mapajani, na nilichokisikia ni ile sauti ya saa nne. Kwa miezi mitano aliniomba nimrudishe kwenye baraza la Bi Marigu, kwenye ungo wa ndengu na yule mwanamke aliyemchekesha, na kwa miezi mitano mimi nilimvua mkoba nikamwambia ameshafika. Nilitaka kulia na sikuweza. Najua ningepaswa kuandika kwamba nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Ukweli ni kwamba nilimkasirikia zaidi. Nilimkasirikia kwa kunyamaza, kwa kuniacha nijipige kifua miaka yote ile, kwa kunipimia nyama na kusema asante. Hasira yangu haikuondoka siku ile. Ilikosa tu mahali pa kukaa, ikawa inazunguka, na kila ilipotua ilinikuta mimi.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ile nilipokuwa nimeshika ndoo. "Ami," nikamwambia, "wewe mwenyewe unataka kukaa wapi?"

Alifikiri. Hakuwa na haraka. "Popote," akasema. "Hapa. Embu. Popote." Kisha akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akanielekezea mimi. "Lakini wewe usije."

"Baba," Rukia akasema.

"Asije," akarudia, na safari hii neno lilitoka safi.

Wakampeleka Embu wiki iliyofuata. Rukia hunipigia simu kuniambia anakula vizuri, ameanza kusogeza vidole, amepata mzee wa Runyenjes wa kubishana naye habari za ng'ombe. Kila mara anamalizia kwa kuniambia nifike tu, Dada, nimsalimie, mzee hana kinyongo tena. Anacho. Kinyongo mimi nakijua, na hiki nilikifanyia kazi mwenyewe. Sijaenda.